Homoni za Kukinga Uti wa Mgongo

Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mfenesi shambani kwake, Chole. Majirani wakampakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, wakamkimbiza zahanati. Hawakujua kuwa aliyeumia mgongo hakalishwi. Alipofikishwa hospitali kubwa, hakuwa anahisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia Kibaha. Nilipokuwa namuuguza nilisoma sana kwenye simu, nikakutana na habari za homoni: kwamba estrojeni na projesteroni huenda zikazikinga seli za uti wa mgongo zisizidi kufa baada ya ajali. Nikamweleza wifi yangu, mke wa kaka. Akafikiri kidogo, akafungua mkoba.

"Si ndizo hizi?" Akanionyesha vidonge vyake vya uzazi wa mpango.

Tukamfuata daktari, mwanamke mdogo kwangu kiumri, pale pale kitandani kwa mgonjwa. Alitusikiliza bila kutucheka.

"Utafiti upo," alisema, "ila mwingi ni wa panya. Kwa binadamu bado haijathibitika. Halafu dawa za namna hiyo zinatakiwa ziwahi, mtu anapoumia tu. Hivyo vidonge usimpe, mama. Mtu aliyelala hivi damu yake huganda kwa urahisi, na vinaweza kumwongezea hatari."

Wifi akavirudisha mkobani. Kaka, ambaye tulidhani amesinzia, akafumbua macho.

"Mlitaka nianze kunyonyesha?"

Tulicheka wote. Kisha wifi akatoka nje, akalia.

Aliporuhusiwa tulimleta kwangu, nyuma ya kituo cha basi cha Kwa Mathias, awe karibu na mazoezi ya viungo. Jioni niliendelea kumsomea habari mpya za homoni, hadi aliponikatiza.

"Mdogo wangu, ikipatikana dawa utaniambia. Sasa hivi nigeuze, bega limechoka."

Nikaweka simu chini, nikamgeuza.

Miguu haikurudi. Paja la kushoto lilianza kuhisi kidogo, basi. Lakini mikono yake ilipata nguvu, akawa anahama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Ndipo akataka kurudi kwake.

Juzi nilikwenda Chole. Nilimkuta kwenye kiti ukingoni mwa shamba, akimwelekeza wifi mahali pa kupanda mihogo. Wifi alikuwa anapanda kwingine.