Moto Usiojuana na Ng'ombe

Asubuhi, milima ya Masisi haionekani yote kwa mara moja. Ukungu huiachilia kidogo kidogo: kwanza mgongo wa ng'ombe mmoja, halafu mgongo mwingine, halafu paa la nyumba ya shangazi yangu, na mwisho kabisa bonde na mashamba ya maharage ya jirani yake. Nilipomaliza chuo kikuu Goma, katika afya ya jamii, nilikuja kukaa kwa shangazi huku nikisubiri kazi. Kila siku nilisimama mlangoni kutazama ukungu ukifanya kazi yake, nikijiuliza kama siku moja unaweza kusahau kurudisha kitu kimoja, mti au ng'ombe, na sisi tusigundue.

Kitu nilichoogopa kisirudi kilikuwa ndani ya nyumba. Shangazi alikuwa akimlea mjukuu wake, msichana aliyekaribia miaka minne, maana mama yake alikuwa kwenye machimbo ya Rubaya akiwapikia wachimbaji. Tumbo la mtoto huyo liliharisha, likatulia, likaharisha tena. Kwenye kituo cha afya walimzungushia mkononi ule mkanda wa rangi unaopima wembamba wa mtoto: kijani ni mzima, njano ni hatari, nyekundu ni hospitali. Yeye alikuwa kwenye njano. Muuguzi aliniambia nimwambie shangazi achemshe maziwa. Mtoto alikuwa akiyanywa mabichi, yakiwa bado na joto la ng'ombe.

Nilicheka, kwa sababu nilijua jibu. Katika familia zetu za wafugaji wa ng'ombe, ukichemsha maziwa kwenye moto wa nyumba yako, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka, anampiga ndama teke, na mwisho anakauka. Sikumbuki ni nani aliyenifundisha. Nilijikuta nalijua tu, kama ninavyojua harufu ya nyumba yetu. Chuoni niliandika kwenye mtihani kwamba hiyo ni imani isiyo na msingi, nikapata alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza kama bado naogopa.

Lakini muuguzi naye sikumkubali haraka. Nilimuuliza amejuaje kwamba ni maziwa. Kwa nini si maji ya kijito, au mikono yetu? Akanitazama kama mtu anayehesabu wagonjwa waliobaki kwenye foleni. "Dada, iko vile. Chemusheni kwanza, maulizo itakuja nyuma."

Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, mhamasishaji wa afya wa kijiji alitusimamisha uwanjani na kufungua kitabu chake kikubwa cha picha. Ukurasa wa maziwa ulikuwa na ng'ombe, sufuria na mtoto anayetabasamu. Shangazi alisogea karibu, akainama, akahesabu kwa kidole.

"Papa, hii ngombe iko na chuchu tano?"

"Mama, njo vile balichora."

"Tano! Muntu hajue chuchu za ngombe ni ngapi, njo anakuya kutufundisha maziwa?"

Uwanja mzima ulicheka. Yule mhamasishaji akacheka pia, maskini, akafunga kitabu. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa kwamba shangazi alisema kweli.

Njiani nilimshika kwa hoja ya mtengeneza jibini aliyenunua maziwa yake. "Shangazi, yale maziwa yanayokwenda kwa mutu wa fromaji, haweki kwa moto?"

"Anaweka."

"Na ngombe zako zinakufa?"

"Kule ni kwake. Haiko moto yangu." Akaendelea kupanda mlima, amejifunga kitenge kifuani, bila kuhema. Nilisikia maneno hayo na kuyaacha yapite. Nilikuwa nikiandaa hoja nyingine.

Hoja ziliponiishia, nilifanya jambo ambalo hakuna kitabu changu kilichoniruhusu. Asubuhi tatu mfululizo, shangazi alipokwenda kwenye maombi, nilichukua sehemu ya maziwa ya mtoto nikaichemsha. Mvuke ulipanda hadi kwenye majani ya paa la jiko, na nyumba ikajaa harufu tamu ambayo sikuwahi kuinusa humo. Nilijiona kama ninapika ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Mtoto alichovya kidole, akatoa utando. "Iko na ngozi!" akasema, akautupia kuku, akanywa yote.

Siku ya nne mchungaji wa ng'ombe alifika amevua kofia. Ng'ombe wa kahawia alikuwa na chuchu iliyopasuka, na hakutaka ndama amsogelee.

Shangazi alikwenda moja kwa moja jikoni, akainua sufuria, akaona duara jeupe lililoungua chini yake.

"Ku universite njo balikufundisha kuiba?"

"Sikuiba, shangazi. Nilichemusha tu."

"Ulichemusha ngombe yangu."

Kilikuwa kiangazi, na upepo wa juu kule hupasua hata midomo ya watu. Nilijua hilo. Niliweza kulieleza vizuri kabisa. Hata hivyo nilikwenda kumwona yule ng'ombe, nikasimama mbele ya macho yake makubwa, na kitu ndani yangu kikasema: ni wewe. Shangazi alimpaka siagi kwa majuma mawili. Chombo cha mti cha maziwa kikahamia chumbani kwake, na mtoto akawa ananyweshwa mabichi kwa mkono wa shangazi mwenyewe, mimi nikitazama.

Kisha tumbo likarudi, safari hii bila kupumzika. Kwenye kituo mkanda uliishia pale njano inapogusana na nyekundu. Muuguzi alitupatia dawa na juma moja. Ikifika nyekundu, alisema, ni hospitali, na barabara mnaijua.

Tulirudi, mtoto mgongoni mwangu, mwepesi kama nguo iliyokauka. Mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta bondeni, tukakimbilia kwa yule jirani mwenye maharage. Alikuwa mama mkulima, mnene, na moto wake haukuzimika mchana kutwa, kwa sababu maharage hayana haraka. Alimchukua mtoto, akampima kwa mikono yake, akamgeukia shangazi.

"Huyu mutoto ameisha, mama. Banasema nini?"

"Banasema tuchemushe maziwa."

"Basi muchemushe."

"Unajua siwezi."

Mama mkulima alisukuma kuni ndani. Moshi ulikaa kati yao kidogo, ukainuka. "Leta kwangu. Mie sina ngombe. Moto yangu haijuane na ngombe yako."

Shangazi alitazama moto ule kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Na sufuria?"

"Sufuria ni yangu."

"Na kuni?"

"Kuni ni ya shamba yangu. Ngombe yako haiyapitaka mule. Ao ilipita, ukanificha?"

Shangazi alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu siku ya ng'ombe wa kahawia. "Ilipita mara moja tu," akasema.

"Nilijua! Nilijua ile kinyesi haikukuwa ya mbuzi!"

Kesho yake shangazi mwenyewe alishuka na maziwa, mtoto akimfuata polepole. Hakukubali yaliyochemshwa yaingie tena kwenye chombo cha mti, kwa hiyo mtoto aliyanywa palepale, kwenye kikombe cha plastiki cha jirani, na yaliyobaki wakanywa watoto wa nyumba ile. Na kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na chungu, alipewa maharage pia, yamepondwa. Siku ya kupima, mkanda ulikuwa bado kwenye njano. Safari iliyofuata pia njano, lakini mbali na nyekundu. Maharage mapya yalipovunwa, ulifika kijani, na mtoto akaanza kutukimbia tulipotaka kumpima.

Ni maziwa yaliyochemshwa? Ni dawa? Ni maharage, au kule kukaa asubuhi nzima kati ya watoto wenzake? Nimejiuliza mara nyingi. Muuguzi aliandika "maziwa" kwenye daftari lake. Mama mkulima anasema ni maharage, na hapendi kubishiwa.

Sasa nafanya kazi Itebero, katika msitu wa Walikale, ambako hakuna ng'ombe na mtu hutembea siku nzima chini ya miti bila kuona mbingu. Nazungumza na watu juu ya kuchemsha maji. Wananiambia maji ya moto yana ladha ya moshi, kwamba yamekufa. Nina kitabu cha picha, na mara nyingi hubaki kwenye mfuko. Naomba kuketi jikoni. Nauliza moto huwaka saa ngapi, na ni wa nani.

Mwaka huu nilirudi kumwona shangazi. Ng'ombe wa kahawia alikuwa amezaa tena. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika bonde, tulishuka pamoja na maziwa kwenda kwa mama mkulima, ingawa msichana sasa ni mkubwa na anasoma.

"Shangazi," nikasema, "sasa unaamini?"

"Weye unatakaka batu baamini. Mie nilitaka mutoto anywe." Akasimama, akafunika chombo kwa ncha ya kitenge chake. "Pita upande ule. Inatuangalia."

Juu yetu ng'ombe wa kahawia alikuwa ameinua kichwa, amesimama nusu ndani ya ukungu. Nikahamia upande ule, nikapanua kanga yangu mabegani, tukashuka hivyo, mimi kati ya ng'ombe na maziwa yake, mpaka tukapita kilima na kuona moshi wa maharage.