Salamu za Dereva

Mama Waya, fundi wa kompyuta, alikuwa na ulimi wa pilipili, na wateja walimpenda hivyohivyo. Yeye si mtu wa kubembeleza. Siku mshonaji wa mtaa wa pili alipotua kompyuta yake mezani, Mama Waya akajiandaa kumpa vidonge vyake.

"Kila nikiwasha inasema diski ina makosa, nibonyeze kitufe nisipotaka ikague. Nami nabonyeza. Nina nguo za watu, shoga, ningeisubiri mpaka lini?"

"Makubwa! Na leo?"

"Leo imegoma kabisa."

Nyuma yake alikaa mumewe, dereva wa lori, kitambaa shingoni. Upasuaji wa koo ulimwokoa na saratani, lakini ulimnyang'anya sauti. Enzi za safari alikuwa akimrekodia mkewe salamu kwenye simu. Simu ilipojaa, mshonaji alizihamishia kwenye kompyuta hiyo. Kwingine hazikuwepo.

Mama Waya akaiwasha. Kioo kikauliza kama airekebishe diski. Kidole kilishafika kwenye kitufe, akakirudisha. Kurekebisha ni kuipekua diski yote, kona hadi kona, na hii ilikuwa inakwaruza kwa ndani. Mgonjwa mahututi habebeshwi gunia. Akaichomoa, akaiunganisha na mashine yake, akaanza kunakili salamu kwanza.

Faili la kwanza likakataa. La pili vilevile. La tatu, yale yale.

"Ni mimi," mshonaji akasema. "Mimi na haraka zangu."

Mumewe akamshika bega. Mama Waya alikuwa na karipio tayari, likamkwama. Alimwonea huruma mpaka akajishangaa.

Kisha likapita moja. Moja tu, baada ya hapo diski ikazima na haikuamka tena.

"Haya, tusikilize," alisema, akiomba moyoni liwe la mapenzi.

Sauti nene ikajaa dukani: "We mwanamke! Hii chaja uliyonifungia ya nani? Haiingii! Niko njiani, simu inakufa, nifanyeje sasa? Nijibu basi!"

Jamani! Katika salamu zote, imepona ya ugomvi! Mama Waya akainamisha macho. Lakini dereva alikuwa anacheka, mabega yakitikisika bila mlio wowote, na mshonaji ameinamia spika huku machozi yakimchuruzika.

"Nisamehe, baba watoto," aliijibu sauti ile. "Nilikuwa na haraka."