Nilimtafutia mwanangu jina la Kigiriki lisilosema kitu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama kuna ninayemtengenezea simu hapa Kasulu, atanijua tu. Ombi langu anyamaze, asiniumbue.

Mimi na mke wangu tulikaa miaka mingi bila mtoto. Na watu mnawajua. Wapo walioniambia nioe mwingine, wapo waliosema mke wangu amefungwa, wapo walionipa pole katikati ya harusi za watu wengine. Nilikuwa nawachekea usoni huku moyo unaungua.

Masika haya, Mungu si Athumani, tukapata binti.

Sasa kwa msiojua mila za kwetu, Waha na Warundi, jina ni barua ya wazi. Ukigombana na jirani humjibu. Unasubiri uzae, unampa mtoto jina lenye jibu lako, halafu kila jioni unamwita mtoto kwa sauti na jirani anasikia vizuri kabisa.

Mimi jibu langu lilikuwa tayari. Bavugamenshi. Yaani "wanasema mengi".

Nilishaliona likiitwa shuleni, likiitwa kanisani, na waliotusema wakilisikia mpaka wanazeeka. Nilikuwa nalala usingizi mtamu kwa ajili ya jina hilo.

Nikampeleka mke wangu Kibondo kwa mama yangu, atunzwe siku za uzazi. Kufika, nikamwambia mama jina.

Akamchukua mtoto kifuani kwa mke wangu, akatupa mgongo.

"Huyu simtoi akawe jibu la mtu. Mimi naitwa nani?"

Wakuu, mama yangu anaitwa Baranyanka. Maana yake "wananichukia".

Babu aligombana na ndugu zake huko Burundi kabla familia haijavuka mpaka, hasira zake akazibandika kwa kichanga. Hao ndugu walishakufa. Mama bado anaitika. Sokoni wananichukia, zahanati wananichukia, mtu akija kuomba chumvi wananichukia. Na mimi mwanawe nimekua na jina hilo masikioni, sikuwahi kulisikiliza.

"Ugomvi wa baba nimeubeba mimi," akasema. "Mwana wanje, mwanangu, mtafutie jina lisilosema kitu. Jina tupu. Atalijaza mwenyewe."

Hasira yangu ilinywea palepale. Na siku ya kumtoa mtoto nje na kumtaja mbele ya watu ilikuwa inakaribia.

Ndipo nikawaza Kigiriki. Nikajiambia, Kibondo yote hii nani anajua Kigiriki? Nikaweka bando.

Kwa mama mtandao unashika upande wa kahawa tu, nyuma ya jiko. Basi mchana mvua ikikatika tunahamia huko sote. Mama anakaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, mke wangu ananyonyesha, ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka migomba ya mbali huioni. Mimi nasoma majina. Nikikumbuka zile siku najiona kama nilikuwa nimesinzia macho wazi, kila kitu laini, kila mtu anaongea polepole.

Tatizo likawa moja. Majina ya Kigiriki yote yanasema!

Petro, jiwe. Stefano, taji. Sofia, hekima. Anastasia, ufufuo. Majina tuliyosali nayo miaka yote tukidhani ni ya kizungu tu, kumbe kuna mahali mtu akiitwa, watu wanasikia neno.

Nikasoma Irene, maana yake amani.

"Hapana," mama akasema. "Hao wanaoitwa amani, wengi walizaliwa vitani. Nenda kambini Nduta, kwa wakimbizi, uwaulize."

Barbara, mgeni, mtu wa lugha isiyoeleweka.

"Mkimbizi?"

"Kama hivyo."

"Hilo tumelibeba la kutosha."

Melisa, nyuki. Iris, upinde wa mvua. Kloe, chipukizi la kijani. Hapo mama akaanza kufumba macho kila nikitaja, anatabasamu peke yake. Mwishowe akauliza, kwa dhati kabisa:

"Hao Wagiriki, hawana majirani?"

Mke wangu alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Tulikuwa tunaelekea kulikubali Kloe. Mama akasema, bila kuniangalia:

"Tafuta na Filomena."

"Filomena yupi, mama?"

"Mimi. Padre alinipa siku ya ubatizo."

Nilijua mama alibatizwa. Jina lenyewe sikuwahi kusikia mtu akilitamka. Mbele za watu ni Baranyanka, nyumbani ni mama.

Nikaandika kwenye simu. Ikazunguka, ikazunguka. Wataalamu wa lugha mtanisahihisha, wapo wanaobishana, lakini maelezo mengi niliyoyakuta yalisema neno moja.

"Anayependwa."

Mikono ya mama ikasimama kwenye maharage.

"Soma tena."

"Anayependwa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipobatizwa."

Machozi yalinitoka wakuu, sioni aibu kuandika. Mke wangu naye akasema kwa sauti ndogo, basi mama, tumpe mtoto hilo.

"Hilo niachieni," akasema. "Sijalitumia."

Binti anaitwa Kloe. Bibi yake haliwezi, anamwita Koroye, na mtoto anamgeukia yeye kuliko sisi. Mimi nimerudi Kasulu kwenye simu zangu. Kila nikipiga Kibondo naanza na "Filomena". Kunakuwa kimya kidogo, halafu anaitika.

Nilichojifunza: maneno ya watu yanaisha, jina linabaki na mtoto. Ukiwa na ugomvi wako, umalize kwa mdomo wako.

Anayejua maana ya jina la mama yake aandike hapa chini. Asiyejua ampigie kwanza, uzi utamsubiri.