Ukurasa Uliokunjwa Pembe

Harufu ya njugu zikikaangwa hunirudisha kwetu Tororo. Kila alasiri baba alikuwa akinisomea kitabu, akiiga mlio wa fisi mpaka mama anacheka jikoni. Hadithi ikikolea, alikunja pembe ya ukurasa. "Kesho, mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake.

Mchana mmoja wanajeshi walimchukua, miwani ikiwa bado usoni. Hakurudi.

"Karatasi hailiwi," mama alisema, akaanza kuuza njugu mpakani Busia, akizifungia katika kurasa za vitabu vya baba. Kazi ya kuchana kurasa ilikuwa yangu.

Ule ambao baba aliukunja pembe mara ya mwisho niliuficha. Ninao mpaka leo. Sijausoma, baba alisema kesho.