Maswali ya Hali ya Moyo Niliyojibu Mara Mbili

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyokosea, niliishia darasa la nane na kalamu hunichosha, tena haya ninayoandika yananitia aibu mpaka masikio yanapata moto.

Mimi ni mgonjwa wa akili (nilikuwa nasikia sauti za watu wasiokuwepo, sasa dawa zimezinyamazisha) na kila mwezi nilikuwa natoka Kibomet kwenda kliniki hapo Kitale mjini. Mwezi mmoja nilienda na furaha, kwa sababu dada yangu alikuwa amenitafutia kazi Bungoma, kwa Bwana Singh anayeuza spea na kutengeneza baiskeli, na daktari alikuwa amesema akiona naendelea vizuri ataniruhusu nihamie huko.

Basi sisi wagonjwa tukakuta hapo madam mmoja mpole kutoka chuo kikuu, akatupa karatasi za maswali kuhusu hali ya moyo: unalala vizuri, una matumaini, unajiona una faida kwa watu. Alisema wanapima kama maswali hayo yanafaa kwa wagonjwa kama sisi. Nikajibu ukweli wangu, na ukweli ulikuwa mzuri. Akatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Tuliporudi akatugawia karatasi zile zile, maswali yale yale. Pengine alieleza sababu, lakini nilikuwa nimekaa nyuma kabisa (mahali pangu pa kawaida) na sikusikia kitu. Nikawaza, mtihani ukirudiwa si maana yake umeanguka? Mimi nilirudishwa darasa la saba, najua uchungu wake, na kuuliza nilishindwa kwa kuona haya, kwa hivyo nikaamua majibu yangu ya kwanza yalikuwa makosa yote, nikayapindua moja moja, palipokuwa na "kila wakati" nikatia alama kwa "hata kidogo", nikapeleka karatasi mbele nikijua sasa nimepita.

Sikukaa sana. Sista wa kliniki akaja mbio na karatasi yangu akanishika mkono mbele ya benchi zima. "Kijana, uko na nani nyumbani?" Nikasema mama. Akampigia. Mama akaja na bodaboda, na nyuma yake bodaboda nyingine ilibeba akina mama wawili wa kanisa waliokuwa naye kwenye maombi, na hao hawakungoja kuelezwa, waliweka mikono juu ya kichwa changu wakaanza kuniombea kwa sauti, mpaka watu wakaacha foleni ya dawa waje kutazama.

"Si jana ulikula ugali ukaomba ingine?" mama akaniuliza akilia. "Kumbe ulikuwa unanificha?"

Daktari naye akainama juu ya karatasi yangu. "Hapa umesema huna matumaini hata kidogo. Itabidi Bungoma ingoje."

Nikaona kazi inaenda. "Daktari," nikasema kwa sauti ndogo, "nilifikiri nimeanguka, ndio nikabadilisha."

"Umeanguka wapi?"

"Kwa mtihani."

Halafu mzee mmoja kutoka Ndalu aliyekuwa kando yangu akakohoa. "Ati alibadilisha? Hata mimi nimebadilisha, bana. Nimezeeka, nirudishwe darasa tena?" Benchi likaangua kicheko, hata mama akacheka na machozi yake. Madam akajishika kichwa. "Kosa ni langu, sikueleza vizuri," akasema. "Hapa hakuna kuanguka. Tunauliza mara mbili kuona kama mtu ambaye hali yake haijabadilika atajibu vile vile."

Daktari hakuniachilia kirahisi. Alinikalisha ndani akaniuliza kwa mdomo, usingizi, dawa, sauti, na mimi nikajibu ilivyo, pamoja na lile nililokuwa naficha, kwamba Bungoma yenyewe naiogopa kidogo.

"Hiyo ni hofu ya kazi mpya," akasema. "Hata mimi nilikuwa nayo." Akaniruhusu, akaniandikia barua ya kupeleka kliniki ya Bungoma.

Sasa niko Bungoma, naziba pancha na kukaza spoku za magurudumu, na nimeapa kwamba nisipoelewa kitu nitainua mkono niulize. Wewe unayesoma, kama nawe unakunywa dawa kama zangu, tafadhali niandikie unaendeleaje, lakini usiniambie tu uko sawa, niambie vile ilivyo.