Mama Niliyemkataza Kuumwa

Mama alikuja kukaa kwangu Mikumi baada ya masika, akitokea Vidunda, tumbo likiwa limeanza kumsumbua. Nilimwamkia, nikampokea mfuko, na kabla hajavua viatu nikampa sheria ya nyumba yangu: hapa hatusemi "naumwa."

Wakati huo nilikuwa kwenye kikundi cha maombi kilichokutana nyuma ya gereji moja, kando ya barabara kuu. Tulifundishana kwamba kinywa ndicho kinachoamua. Ukitamka ugonjwa umeukaribisha. Ukitamka uzima, Mungu hana budi kuutoa. Hana budi. Leo nikiyaandika maneno hayo naona aibu, lakini yalinipendeza mno. Nilikuwa nimeachwa na mume, duka langu la vitenge limefungwa, na hatimaye nilipata kitu cha kukiamuru.

Mama alikuwa Mwanglikana wa mlimani, wa kitabu cha sala kilichochakaa na kupiga magoti bila haraka. Hakubishana nami. Jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu tuliyezoeana naye miaka mingi, alipoleta uji wa ulezi kumjulia hali mgonjwa, nilimzuia mlangoni.

"Hapa hakuna mgonjwa, dada."

Aliitazama chupa yake ya uji, akaniomba radhi, akarudi nayo. Wengine walisikia, wakaacha kuja. Mama akawa anashinda peke yake chumbani, na kila nilipochungulia alisema, "Nimepona, mwanangu," kama mwanafunzi anayemjibu mwalimu mkali.

Siku moja nikitoka sokoni nilisikia sauti yake uani. Alikuwa ameketi mkekani, amefumba macho, akisali kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa akimwambia Mungu kwamba anaumwa. Alimweleza maumivu yanapoanzia na yanapoishia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akasema hajui Yeye atafanya nini, hilo ni shauri lake. Na huyu mtoto asimhesabie kosa, anaogopa tu.

Ningekuwa na akili ningeketi pale mkekani. Badala yake nilikasirika.

"Mama, unabomoa ninachojenga."

Alifumbua macho. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani Yeye naweza kumwambia."

Niliingia jikoni nikamenya vitunguu, nikikiri uzima kwa sauti ili anisikie. Nadhani siku ile nilijua ni nani kati yetu aliyemwamini Mungu. Mimi niliamini kuamini kwangu, basi. Ndiyo maana nililazimika kuilinda imani yangu kutwa kucha, maana kama ningeteleza neno moja tu, hapakuwa na mwingine wa kuishika. Mama aliumwa, akasema anaumwa, akamwachia Mwenyewe. Nilimwonea wivu, na wivu huo niliuita bidii.

Alipoacha kula kabisa nilimpeleka hospitali, nikijidanganya kwamba tunakwenda kuthibitisha uponyaji. Muuguzi, binti mdogo, alimpa shikamoo, akamsaidia kukaa.

"Bibi, unasumbuliwa na nini?"

Mama hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi. Alingoja kidogo, na hapo neno langu moja lingetosha, au hata kutikisa kichwa. Nilikaza uso.

"Sijambo," akasema.

Muuguzi akanigeukia. Nikamwambia tumekuja kupima presha tu. Akampima, akasema presha ni nzuri.

Kwenye bajaji mama aliegemea bega langu, jasho likimtoka, mkono ameukandamiza tumboni. Alikuwa amebakiwa na siku nne, wala sikujua. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimejibu vizuri?"

Nikamwambia amejibu vizuri.