Redio Iliyokunywa Betri ya Apolline

Apolline alianza kwa kuuza vitambaa vya mapazia sokoni Kadutu. Mafundi wa kufunga fimbo za kuyatundikia walipozidi kumzungusha, leo kesho, leo kesho, alinunua perceuse yake mwenyewe, ile ya betri, akajifunza kutoboa ukuta. Tangu hapo hakuna aliyemzungusha tena, isipokuwa umeme.

Kisha akaona kwa Patrice, muuza vyombo vya mitumba, redio nzito kama kreti ya bia. Unapachika betri ya perceuse ubavuni, unachomeka waya ukutani, redio inaimba huku betri inachajiwa. Patrice alikataa kushusha bei mpaka Apolline alipomwongezea chaja yake ya zamani. Chaja mbili za nini? Alirudi nyumbani akijiona mjanja.

Siku ya kazi ya Ibanda umeme ulikuwapo tangu asubuhi. Maman Delphine, mwenye nyumba ya wageni huko Ibanda, kando ya ziwa, alikuwa ameahidi hivi: Apolline afunge mapazia ya sebule, yakimpendeza, kazi ya vyumba vyote vya juu ni yake. Akapachika betri, akawasha redio, akamwagiza Tonton Benoît, mjomba wa mumewe, kwamba courant, yaani umeme, ikienda tu aitoe betri, isije ikaungua umeme ukirudi kwa kishindo. Akashuka sokoni kuchukua pete za mapazia.

Mtaani kwao kila nyumba huacha redio wazi. Ikinyamaza, umeme umeenda. Ikianza tena kuimba, kila mtu anakimbilia pasi.

Aliporudi, mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa kimya, na Séraphine wa nyumba ya pili alikuwa anapepea pasi ya makaa. Apolline akaongeza mwendo. Ndani, redio ilikuwa inaimba kwa sauti yote, na Tonton anachambua maharage.

"Tonton, courant ilienda saa ngapi?"

"Courant iko. Husikii inaimba?"

"Iko inakunywa betri yangu, Tonton."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Redio haiwezi kuimba bila courant. Hata mutoto anajua."

Apolline akaichomoa betri. Redio ikanyamaza.

"Unaona?" Tonton akasema. "Sasa njo umeikata."

Angemgombeza vipi? Mzee alikuwa amefuata maagizo neno kwa neno. Kwamba redio hii, umeme ukikatika, inageuka na kula ile ile betri iliyokuwa inailisha, Patrice alilisema siku ya kuuza, lakini siku hiyo masikio ya Apolline yalikuwa kwenye bei.

Kwa Maman Delphine ukuta ulikuwa wa zege. Tundu la kwanza liliingia, la pili likalalamika, la tatu perceuse ikazima na ncha yake imebaki ukutani. Nje jenereta ilikuwa inanguruma; umeme ulikuwapo wa kumwaga. Guy, fundi wa makabati aliyekuwa jikoni, akaleta chaja yake. Ilikuwa ya aina nyingine, betri ikagoma kuingia.

"Yako umeiacha wapi, maman?"

"Iko ndani ya redio."

Guy alicheka mpaka akakalia ndoo ya rangi.

Apolline akapanda pikipiki hadi nyumbani, akarudi amepakata redio magotini, matope ya njia nzima kwenye sketi. Jua lilipoelekea kuzama mapazia yalikuwa yananing'inia, yamenyooka. Maman Delphine aliyapapasa, akayasifu kweli. Kisha akasema kwamba muda ule wa kungoja, Guy alikuwa amepanda juu na kuanza kutoboa vyumba.

Apolline akajaribu: matundu yawe ya Guy, vitambaa viwe vyake. Maman Delphine akafikiri kidogo.

"Guy ana dada anashona," akasema.

Kesho yake Apolline alikuwa sokoni kabla ya wanunuzi. Chaja yake ya zamani ilikuwa bado juu ya meza ya Patrice, katikati ya pasi mbovu. Patrice alipomwona anakuja kwa haraka vile, aliichukua, akaipuliza vumbi, akaanza kuipangusa taratibu.